Kinanda chenye Mabomba 6,718

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ana daftari na kalamu. Na wale wa nyuma kama hawasikii vizuri, basi wasogee mbele.

Leo tutakwenda safari ya mbali. Tutakwenda Ulaya ya kaskazini, katika nchi iitwayo Latvia, iliyo kando ya Bahari ya Baltiki. Mji wake mkuu ni Riga. Ndani ya mji huo, karibu na mto uitwao Daugava, liko kanisa kuu la matofali lililoanza kujengwa mwaka 1211. Tutaingia humo, tutakaa, na tutasikiliza muziki wa kinanda.

Muziki wenyewe utakuwa wa namna mbili. Namna ya kwanza ni muziki wa kale wa Ulaya, wa wakati uitwao Baroko, yaani tangu mwaka 1600 hivi mpaka mwaka 1750 hivi. Namna ya pili ni muziki wa watunzi wa Latvia wa siku zetu. Tamasha hili nimelipanga mwenyewe kwa ajili ya somo, lakini kila kazi nitakayoitaja ni ya kweli. Na matamasha ya namna hiyo, ya kale na ya sasa pamoja, hufanywa Riga mara kwa mara.

Huenda mmoja wenu anajiuliza moyoni, "Mambo ya kinanda cha Latvia yanihusu nini mimi?" Swali zuri. Liandike katika daftari lako. Mwisho wa somo utajibu mwenyewe.

Kwanza tukijue chombo.

Kinanda cha kanisa kuu si kama gitaa, wala si kama ngoma. Hakina nyuzi wala ngozi. Ni ndugu wa filimbi. Wewe ukitaka kupiga filimbi, unavuta pumzi, unaipuliza katika mwanzi, na sauti inatoka. Filimbi fupi hutoa sauti nyembamba. Filimbi ndefu hutoa sauti nene. Ukiukata mwanzi katikati, sauti yake itapanda juu. Basi ukiyafahamu hayo, umekwisha kufahamu nusu ya kazi ya kinanda hiki.

Sasa fikiri filimbi elfu nyingi zimesimamishwa pamoja, nyingine za mbao, nyingine za madini ya bati na risasi. Filimbi hizo huitwa mabomba. Hakuna mtu mwenye pumzi za kutosha kuzipuliza zote. Kwa hiyo upepo hutoka katika mivukuto mikubwa. Mnaijua mivukuto ya mhunzi, ile anayoitumia kuchochea moto ili chuma kiive. Mivukuto ya kinanda hufanya kazi kwa njia ile ile, ila badala ya kuchochea moto hujaza upepo katika masanduku yaliyo chini ya mabomba. Zamani walikuwapo watu maalumu wa kuikanyaga mivukuto wakati wote muziki unapopigwa. Siku hizi mashine ya umeme huifanya kazi hiyo.

Mpigaji hukaa mbele ya safu za vibao vidogo. Akibonyeza kibao kimoja, mlango mdogo hufunguka chini ya bomba, upepo hupita, na bomba hulia. Akiondoa kidole, mlango hufunga na sauti hukatika. Tena iko safu nyingine chini, ya kukanyagwa kwa miguu. Hiyo ndiyo ya sauti nene. Basi mpigaji hutumia vidole kumi na miguu miwili kwa wakati mmoja. Kando yake viko vishikio vya kuchagulia sauti. Akivuta kimoja, atapata sauti kama ya filimbi. Akivuta kingine, atapata sauti kama ya tarumbeta. Akivuta vingi kwa pamoja, kanisa zima litajaa sauti.

(Hapa kinanda kinasikika: kwanza sauti moja nyembamba, halafu sauti nene, halafu zote pamoja.)

Umesikia? Sasa tutazame kinanda cha Riga chenyewe.

Kilijengwa na mafundi wa Ujerumani waitwao Walcker, wa mji wa Ludwigsburg, na kikazinduliwa mwaka 1884. Kina safu nne za kupigwa kwa mikono na moja ya kukanyagwa kwa miguu. Namna zake za sauti ni 124. Mabomba yake ni 6,718. Bomba lililo refu kuliko yote lina urefu wa meta 10 hivi, na lile fupi kuliko yote lina milimita 13, yaani ni fupi kuliko kipande cha juu cha kidole chako. Wakati ule kilikuwa kinanda kikubwa kuliko vyote duniani. Mtunzi mashuhuri, Franz Liszt, aliandika kazi maalumu kwa ajili ya kukizindua. Kati ya mwaka 1982 na 1984 mafundi kutoka Uholanzi walikitengeneza upya.

Bomba lile la meta 10 hutikisa hewa mara 16 tu kwa kila sekunde. Sikio halilisikii vizuri. Huhisiwa zaidi kifuani, na katika ubao wa kiti ulichokalia.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Mafundi wa mwaka 1884 hawakuliondoa sanduku la mbao la kinanda cha zamani, lililokuwa limechongwa kwa ufundi mkubwa yapata mwaka 1600. Waliliacha pale pale mbele, wakaweka chombo kipya nyuma yake. Kwa hiyo mtu akiinua macho huona kazi ya mikono ya miaka 400 na zaidi iliyopita, na anachokisikia ni chombo kilichokuja baadaye. Kila tamasha la kale na la sasa katika kanisa hilo hufanyika mbele ya sanduku hilo.

Haya, tamasha linaanza.

Kazi ya kwanza ni ya Dieterich Buxtehude, aliyekuwa mpiga kinanda katika mji wa Lübeck, Ujerumani, na akafa mwaka 1707. Kazi yenyewe inaitwa Pasakalia. Pasakalia ni muziki uliojengwa juu ya wimbo mfupi wa sauti nene unaorudiwa tena na tena. Fikirini akina mama wanaotwanga. Mchi hushika mapigo yale yale bila kubadilika, na juu ya mapigo hayo wao huimba, wakibadili maneno na sauti kama wapendavyo. Ndivyo ilivyo Pasakalia. Miguu ya mpigaji ndiyo mchi, na mikono yake ndiyo waimbaji. Katika kazi hii ya Buxtehude wimbo ule mfupi unapigwa mara 28.

Kazi ya pili ni Pasakalia ya Johann Sebastian Bach. Huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1685 akafa mwaka 1750. Habari zake inafaa kila mwanafunzi mtu mzima azijue.

Mwaka 1705 Bach alikuwa na umri wa miaka 20. Alikuwa amekwisha ajiriwa kupiga kinanda katika mji wa Arnstadt. Alikuwa na kazi, alikuwa na mshahara, na watu walimwita fundi. Hata hivyo aliona kwamba elimu yake bado. Alisikia habari za mzee Buxtehude, akaomba ruhusa ya majuma manne, akaenda Lübeck kwa miguu. Njia hiyo ni kama kilomita 400. Piga hesabu: mtu akienda kilomita 30 kila siku, atafika siku ya 14. Maana yake ni kwamba majuma yake mawili ya ruhusa yanaishia njiani, na kurudi ni mawili mengine!

Basi ilikuwaje? Bach alikaa na kujifunza, na aliporudi kazini ilikuwa imepita karibu miezi minne. Wakubwa wake wakamwita wakamkemea. Wakamwambia tena kwamba siku hizi anapoongoza nyimbo kanisani anatia sauti ngeni ndani yake, na watu wanababaika. Lakini elimu aliyoipata hawakuweza kumnyang'anya. Na wewe uliyeacha kazi zako leo jioni ukaja darasani, ukifikiri juu ya nyumbani na juu ya kesho asubuhi, unaijua safari ya namna hiyo.

Katika Pasakalia yake Bach alifuata njia ya mzee wake, kisha akaenda mbele zaidi. Wimbo wa miguu unaanza peke yake, mtulivu. Halafu unarudi mara 20, na kila mara mikono inajenga kitu kipya juu yake. Usijaribu kuhesabu zote mara ya kwanza. Shika sauti ile nene tu kama unavyoshika mkono wa mtu gizani, na mengine yatakuja yenyewe.

(Hapa kinanda kinasikika: mwanzo wa Pasakalia ya Bach.)

Sasa mtauliza, muziki wa Ujerumani ulifikaje Riga? Ulifika kwa njia nyingi, lakini njia moja tunaijua kwa jina lake. Katika mwaka 1750, miezi michache kabla Bach hajafa, alikuja kwake kijana mmoja aitwaye Johann Gottfried Müthel. Bach alikuwa karibu kipofu. Huyo kijana huhesabiwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwisho. Baada ya miaka michache Müthel alihamia Riga, akawa mpiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Petro, akaishi katika mji huo mpaka kufa kwake mwaka 1788. Kwa hiyo mkono uliofundishwa na Bach ulipiga kinanda mita mia chache tu kutoka kanisa hili tulilokaa ndani yake leo.

Tumemaliza nusu ya kwanza. Nyosheni miguu kidogo. Nusu ya pili ni ya watunzi wa Latvia, na kabla ya kuisikia lazima tujue yaliyoipata nchi hiyo.

Latvia ni nchi ndogo. Watu wake hawafiki milioni mbili. Ilitangaza uhuru wake tarehe 18 Novemba 1918. Mwaka 1940 majeshi ya Kisovieti yaliingia. Mwaka 1941 wakaja Wajerumani wa Hitler. Vita vilipokuwa vinakwisha Wasovieti wakarudi, na utawala wao ukakaa mpaka mwaka 1991. Katika miaka hiyo watu wengi waliuawa, wengi walipelekwa Siberia, na wengi walikimbilia nchi za kigeni.

Mwanamke mmoja mtunzi, Lūcija Garūta, alitunga wimbo mkubwa wa waimbaji na kinanda, sala kwa ajili ya nchi inayoungua. Uliimbwa mara ya kwanza katika kanisa moja la Riga tarehe 15 Machi 1944, vita vikiwa karibu. Garūta mwenyewe alipiga kinanda. Sauti ilinaswa kwenye mashine siku ile, na mpaka leo anayeisikiliza husikia milio ya vita ndani ya muziki. Kwa miaka mingi ya utawala wa Kisovieti wimbo huo haukuruhusiwa. Ulikuwa na maneno, na maneno yake yalieleweka.

Na kanisa kuu je? Mwishoni mwa miaka ya 1950 ibada zilikomeshwa humo, na katika miaka ya 1960 likawa ukumbi wa muziki. Hakukuwa na mahubiri wala ubatizo. Lakini kinanda kiliachwa kilie.

Hapa, wanafunzi, tusimame kidogo tufikiri. Nyingi katika kazi za Bach za kinanda zimejengwa juu ya nyimbo za kanisani. Wimbo umo ndani, ila hauna maneno. Msimamizi wa serikali aliweza kusema, "Huu ni muziki wa kale, ni ufundi wa dunia nzima, hauna neno." Alikuwa sawa, maana kweli haukuwa na neno hata moja. Lakini mzee aliyekaa kwenye kiti, aliyeimba wimbo ule alipokuwa mtoto, maneno alikuwa nayo mwenyewe. Hakuna aliyeweza kuyafuta, kwa kuwa hayakuandikwa popote ila ndani yake.

Tusizidishe. Kinanda hakikuondoa jeshi hata moja. Nazo nchi huwekwa huru na watu. Lakini watu hao lazima wawe na kitu wanachokikumbuka pamoja, la sivyo hawatajua wanataka kurudishiwa nini.

Kazi ya tatu katika tamasha letu ni ya Pēteris Vasks. Alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Aizpute. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na kwa sababu hiyo kijana hakuruhusiwa kusoma muziki wa juu katika nchi yake. Akaenda nchi jirani ya Lithuania, akajifunza huko kupiga fidla ile kubwa kabisa yenye sauti nene, ambayo mpigaji huisimamisha sakafuni. Baadaye akawa mtunzi, na kazi zake leo hupigwa katika nchi nyingi.

Mwaka 1984 Vasks alitunga kazi ya kinanda yenye jina la Kilatini, Cantus ad pacem, maana yake wimbo wa kuelekea amani. Angalieni jina hilo. Halitaji dini. Halitaji nchi. Linataja amani, neno ambalo hakuna serikali inayolikataa hadharani. Halafu angalieni jina la kazi nyingine aliyoitunga mwaka 1991, Te Deum. Hilo ni jina la wimbo wa kale sana wa Kikristo wa kumsifu Mungu na kumshukuru. Kati ya kazi hizo mbili ni miaka saba tu. Mtu ni yule yule, na chombo ni cha namna ile ile. Mtoto wa mchungaji aliyefungiwa mlango sasa anaandika sifa na kuziita kwa jina lake.

Tena mkumbuke mwaka 1991 ulikuwa mwaka gani. Mwezi wa Januari watu wa Latvia walijenga vizuizi katika barabara za Riga ili kuzuia majeshi. Walikesha usiku wa baridi kali wakiota moto, hata katika uwanja ulio mbele ya kanisa hili. Watu waliuawa mwezi huo. Mwezi wa Agosti nchi ikapata tena uhuru wake kamili. Shukrani ya wakati huo si shukrani ya mtu aliyepewa zawadi. Ni ya mtu aliyevuka mto wenye mamba, akafika ng'ambo, akageuka nyuma kuhesabu waliofika pamoja naye.

(Hapa kinanda kinasikika: sehemu ya Te Deum ya Vasks.)

Kazi ya nne, ya mwisho, ni ya Aivars Kalējs, aliyezaliwa mwaka 1951. Yeye ni mtunzi na tena ni mpigaji aliyekitumikia kinanda hiki cha Riga. Kazi yake ya mwaka 1989 ina jina la Kilatini, Per aspera ad astra, maana yake kupitia taabu mpaka kwenye nyota. Mpigaji anayejitungia mwenyewe ana faida moja kubwa: anakijua chombo chake kama mkulima ajuavyo shamba lake. Anajua kwamba katika kanisa kubwa la mawe na matofali sauti haifi mara moja. Ukiondoa kidole, sauti inaendelea kuzunguka juu kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo kimya chenyewe kinakuwa sehemu ya muziki, na mtunzi lazima akipangie nafasi.

Sasa tuulize, kwa nini kumweka Bach karibu na Vasks na Kalējs katika jioni moja? Kwa nini wasipige mpya peke yake, au ya kale peke yake?

Ukipiga ya kale peke yake, kanisa litageuka nyumba ya makumbusho, na watu watadhani kwamba wenye akili wote wamekwisha kufa. Ukipiga mpya peke yake, msikilizaji hataona imetoka wapi. Zikiwekwa pamoja, sikio linalinganisha lenyewe. Linasikia kwamba watunzi wa Latvia hawakuja mikono mitupu. Walirithi chombo na ufundi kutoka kwa wageni, kisha wakavitumia kusema habari zao wenyewe, taabu zao na furaha zao. Hakuna aibu katika kurithi. Bach naye alirithi, tena alikwenda kilomita 400 kuufuata urithi. Aibu ni kurithi ukanyamaza.

Basi wanafunzi wapenzi, lile swali mliloandika mwanzoni, sasa lijibuni. Mimi nitaongeza neno moja tu. Ninyi mnajifunza kusoma na kuandika. Herufi mnazozitumia hazikutungwa katika kijiji chenu. Lakini barua utakayoandika wiki ijayo itakuwa na habari za kwenu, na hakuna mtu mwingine duniani awezaye kuiandika badala yako.

 

Kazi ya darasa

Maneno ya kusoma kwa sauti na kuandika: mvukuto, bomba, mtunzi, mpigaji, kishikio, urithi, kizuizi.

Maswali ya kujibu:

1. Upepo wa kinanda hutoka wapi, na ni kitu gani huufungulia njia?

2. Kwa nini bomba fupi hutoa sauti nyembamba? Chukueni mianzi miwili ya urefu mbalimbali mjaribu.

3. Bach alipewa ruhusa ya majuma manne akakaa karibu miezi minne. Alikosa, au alifanya vema? Darasa lijigawe pande mbili lijadiliane.

4. Kwa nini wimbo wa Garūta ulikatazwa, lakini muziki wa kinanda usio na maneno ukaachwa?

5. Andika mistari mitano juu ya wimbo mmoja unaoukumbuka tangu utotoni. Nani alikufundisha? Nawe umemfundisha nani?